Boti ya tanga imeachana mbao ikiwa karakana Moshi, nijaze epoksi?

Swali: "Habari za kazi fundi. Mimi ni seremala hapa Moshi, karakana yangu ni ya milango, vitanda na makabati, boti sijawahi kushika. Kuna mzee amenunua boti ya tanga ya zamani kule Tanga, urefu mita 7 hivi, anasema ilijengwa Uingereza miaka ya 1950. Akaileta kwa lori mwezi wa kumi na moja niifanyie matengenezo iwe kama mpya halafu airudishe baharini. Ilipofika ilikuwa imebana vizuri kabisa. Sasa ni mwezi wa pili, mbao zimeachana zote, ubao wa sentimita 12 mwanya wake unafika milimita 2 mpaka 3, ukiingia ndani mchana unaona mwanga wa nje. Mzee anahisi nimemharibia. Ameniletea ndoo mbili za epoksi na roli ya faiba, anataka nipitishe grainda kwenye mianya isafishike, nijaze epoksi na unga wa mbao, nivalishe faiba nje nzima, juu vanishi. Mafundi wenzangu wanasema mbao zilikuwa mbichi. Ndani imepigiliwa misumari ya shaba yenye vikofia, mbavu zake ni nyembamba zimepinda. Je nijaze? Na faiba itashika?"

Kaka salama, na pole kwa presha ya huyo mzee. Nianze na hilo maana naona ndo linakunyima usingizi. Boti hujaiharibu wewe. Angeipeleka kwa fundi yeyote, hapo Moshi au huku kwetu Arusha, ikakaa chini ya mabati kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili, ingeachana vile vile. Swali la nijaze au nisijaze, jibu lake ni usijaze, angalau sio kwa epoksi, na grainda usiisogeze kabisa hapo. Nitaeleza kwa nini, itabidi univumilie kidogo, ila ukishaelewa kinachoendelea ndani ya hizo mbao utamweleza mzee mwenyewe kwa mdomo wako.

Hao wenzako wanaosema mbao zilikuwa mbichi wanakosea, ingawa najua wanakoitoa. Kwenye milango na vitanda ubao ukiachana tunamlaumu seremala moja kwa moja, kwamba alichukua mbao juzi kwenye mashine akapiga kazi leo. Lakini kama boti ni ya miaka ya 1950 ubichi wake ulishaisha kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Maji yanayotoka hapo ni ya bahari na ya hewa ya Tanga. Mbao haikauki mara moja ikamaliza, inavuta unyevu na kuutoa maisha yake yote, inafuata hewa iliyoizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, mbao inatulia kwenye asilimia 16 hivi. Hewa ikishuka 50 mbao inaifuata mpaka 9 hivi, ikishuka 30 mbao inakwenda kwenye 6. Na hapo nazungumzia mbao iliyo hewani tu, ile sehemu ya boti inayozama inavuka 20 kirahisi maana imelala ndani ya maji usiku na mchana. Sasa mmeitoa huko mkaipandisha Moshi wakati wa kiangazi, jua linachoma bati, bati linachoma boti, upepo mkavu unapita chini yake. Ulitegemea nini.

Tupige hesabu, maana ndo itakayomtuliza mzee. Ubao ukikauka urefu wake haubadiliki wa kuhangaikia, unasinyaa upana. Na ule uliopasuliwa ubavuni mwa gogo, wenye mistari ya mawimbi usoni, unasinyaa karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kwenye moyo, wenye mistari iliyonyooka. Tuchukulie mbao yako inasinyaa asilimia 6 toka ubichi kabisa mpaka ukavu kabisa. Mbao huanza kusinyaa unyevu wake ukishuka chini ya 30 hivi, kwa hiyo kila pointi moja ya unyevu inayopotea ubao unapungua asilimia 0.2 ya upana. Boti ilikuwa na 20, imeshuka mpaka 10, pointi kumi, asilimia 2. Asilimia 2 ya milimita 120 ni milimita 2.4. Mwanya wako umesema ni 2 mpaka 3. Umeona? Hamna fumbo hapo, boti imefanya kile ambacho hesabu inasema ifanye.

Twende kwenye ilivyojengwa, maana hapa ndo kuna ufundi wenyewe. Kwa maelezo yako, mianya inayopitisha mwanga kati ya ubao na ubao, mbavu nyembamba zilizopinda na misumari ya shaba yenye vikofia, hii ni boti ya mbao zilizokutanishwa kingo kwa kingo, sio zile za kupandiana kama vigae. Zile za kupandiana zipo pia, mfano mzuri ni Folkboat ya mwaka 1942 kutoka nchi za Nordiki, na hizo zikikauka zina matatizo yake mengine. Hii yako imeanza na mkuku, ile boriti ya chini kabisa ambayo ni uti wa mgongo wa boti, zikasimamishwa nguzo za mbele na nyuma, zikaingia mbavu, yaani mataruma kwa lugha ya pwani, ambayo kwenye yoti, yaani boti za tanga za starehe, za Kiingereza za kipindi hicho mara nyingi ni mwaloni uliopikwa kwa mvuke ukapindwa ungali wa moto. Halafu mbao. Na mbao za boti hakuna hata moja iliyonyooka, ukiibandua moja ukailaza sakafuni utashangaa, imepinda kama ndizi, katikati pana, ncha zimechongwa zikawa nyembamba, na upande wa ndani imerandwa ikachimbika kidogo ili ikae vizuri kwenye mviringo wa taruma. Kila ubao umepimwa peke yake kwa nafasi yake, wa kulia na wa kushoto tu ndo mapacha. Mimi nimejifunzia kazi kwenye majahazi Tanga kabla sijahamia huku kwenye ujenzi wa nyumba, na jahazi ni chombo cha heshima, ila kupanga mistari ya mbao kwenye yoti ndogo isipishane kwa macho kutoka omo mpaka tezi, yaani mbele mpaka nyuma, ni kazi nyingine kabisa, huko ndo unamjua fundi.

Kingo za hizo mbao hazikurandwa zikakutana unene wote. Ndani zinagusana, nje zimefunguliwa kidogo, kwa hiyo ukiangalia kwa ubavu kila maungio yana umbo la V. Ufunguzi wenyewe ni mdogo, kwa kawaida milimita moja na nusu hivi kwa kila unene wa milimita 25. Ndani ya hiyo V inalala pamba, imegongwa kwa patasi ya kalafati, yaani ya kushindilia pamba kwenye maungio, na nyundo ya mbao, juu ya pamba kuna puti laini ya kusawazisha. Boti ikiingia majini mbao zinavimba, zinaibana pamba, pamba inagoma, na ule mkandamizo wa ubao kwa ubao ndo unaoifanya boti nzima iwe ngumu kama kitu kimoja. Pamba haizuii maji tu, inasaidia boti isicheze. Kwa hiyo mwanya unaouona ni nafasi ya kuvimbia, mjenzi aliifikiria toka siku ya kwanza.

Sasa fikiria jembe lililolegea mpini. Nyumbani tunalitupa kwenye ndoo ya maji, asubuhi limekaza, unaenda shamba. Lakini wiki ijayo likikauka limelegea zaidi ya mwanzo, si ndiyo? Sababu yake ni kwamba mbao ilipovimba ilikuta chuma hakitoi nafasi, ikajiponda yenyewe, nyuzi zake zikabonyea na hazirudi tena. Ukikausha inabaki nyembamba kuliko ilivyokuwa. Hicho ndo kitatokea kwa kila ubao wa hiyo boti ukijaza epoksi leo. Epoksi ikishakauka haibonyei. Upande mmoja wa boti yako una mbao kama 14 hivi, kila moja inadai milimita zake 2.4, jumla ni zaidi ya sentimita 3 upande mmoja. Boti ikirudi Tanga hizo sentimita zitatafutwa kwa nguvu. Zitaponda kingo za mbao, zikishindwa zitasukuma mbao zitoke kwenye mataruma, misumari ya shaba itavutwa na vikofia vyake vitazama kwenye mbao, na taruma la miaka 70 lililopinda pale tumboni mwa boti litavunjika kwa ndani ambako huoni. Nimeshaona boti za namna hii zimeletwa kwa malalamiko ya "inavuja kidogo", ukifungua sakafu ya ndani mataruma yamekatika mstari mzima.

Faiba je. Itashika, kwa muda. Kama ni faiba ya polyesta haikai vizuri kwenye mbao hata siku nzuri, ya epoksi inashika vizuri zaidi, lakini tatizo sio gundi, tatizo ni kwamba ganda lenyewe halicheki wala halilii wakati mbao chini yake zinacheza. Itapasuka kwenye mistari ya maungio. Ikipasuka maji yanaingia hayatoki, na maji yaliyofungiwa kati ya mbao na faiba ndo chakula cha ukungu unaoozesha. Ukungu huo unataka mbao yenye unyevu wa zaidi ya 20 hivi pamoja na hewa, basi. Watu wanadhani boti inaoza kwa kukaa baharini, kumbe nyingi zinaoza kuanzia juu, kwa maji ya mvua yaliyopenya kwenye deki yakatulia kwenye kona, maana maji ya chumvi yanauzuia ule ukungu kuliko maji baridi. Nisiwe mwongo, faiba juu ya boti ya mbao inafanyika duniani, na kuna boti imezipa miaka kumi ya ziada. Lakini inafanyika kwa boti ambayo vinginevyo ingekatwa kuni, inawekwa nene, imefungwa na skrubu, na mwenyewe anajua kwamba baada ya hapo hakuna matengenezo mengine. Kwa boti ya mzee ambayo ilifika imebana, ni kuizika ikiwa hai.

Na grainda, kaka, grainda. Diski ile ikipita kwenye V inageuza kuwa mfereji wenye kingo zilizonyooka, na ikikutoka mkono mara moja umechora shimo kwenye ubao wa jirani. Pamba inataka V ili ijibane yenyewe, kwenye mfereji ulionyooka inapita ndani moja kwa moja. Pamba ya zamani inatolewa kwa mkono. Chukua tupa kuukuu, ipashe moto, pinda ncha iwe kama kulabu, noa taratibu ifuate umbo la V, halafu vuta. Ni kazi ya kuchosha, sikatai. Na tahadhari moja, rangi za boti za miaka hiyo, hasa ile ya rangi ya machungwa chini kabisa, nyingi zina risasi. Usizipige msasa mkavu ndani ya karakana ambamo vijana wako wanakula chakula. Piga msasa wa maji, vaa barakoa ya maana, vumbi likusanywe litupwe mbali.

Kwa hiyo ufanye nini? La kwanza ni kuzuia isiendelee kukauka, anza leo. Funga turubai kuzunguka boti mpaka chini, mwaga maji sakafuni jioni na asubuhi, ndani ya boti laza magunia yaliyoloweshwa maji ya chumvi kufuata mbao za chini. Chumvi ya mawe ya kawaida inatosha, inashika unyevu na inasaidia dhidi ya kuoza. Taratibu taratibu, wiki kadhaa, usitake ifunge kwa siku mbili. Na usikubali wazo la kuijaza maji ndani, najua mtu atakushauri. Meta moja ya ujazo wa maji ni tani moja, hiyo boti imeumbwa kubebwa na maji kutoka nje, ukiijaza ikiwa juu ya magogo yako tumbo litafunguka. Kagua na hayo magogo, uzito wote ukae kwenye mkuku, hizi za pembeni ziwe za kuizuia tu isianguke. Naamini mkuku una risasi au chuma chini yake, ni mzito mno.

Wakati inavuta unyevu wewe fanya ukaguzi, na hapa ndo ningetaka muda wako mwingi na hela ya mzee iende. Watu wanahangaika na mianya kwa sababu inaonekana, ugonjwa wa kweli umejificha. Chukua bisibisi butu na nyundo ndogo, gonga na kuchoma kila mahali maji yanapoweza kutulia, pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, kona ya nyuma ndani, chini ya mlingoti, nyuma ya kila bolti ya deki. Mbao nzima inalia, iliyooza inapokea bisibisi kimya. Halafu pitisha vidole kwenye kila taruma pale linapopinda sana, ndani na ubavuni, ukitafuta ufa. Hesabu yaliyopasuka na uyachore kwenye karatasi. Halafu misumari. Ya shaba yenye vikofia ni mfumo mzuri kuliko yote, msumari umepita ubao na taruma, ukavalishwa kikofia, ukakatwa, ukafuliwa kichwa. Kama umelegea mara nyingi unagongwa upya. Lakini angalia kama kuna mtu aliwahi kurekebisha akaweka skrubu za brasi, hizo kwenye maji ya bahari zinapoteza zinki, zinabaki nyekundu na laini, unaikata kwa koleo kama biskuti. Chuma kitupu kikikaa karibu na shaba nacho kinaliwa haraka, na mbao inayokizunguka inakuwa nyeusi na kuchoka. Skrubu za stenlesi zinazouzwa hapo mjini zisikudanganye kwa kung'aa, zikikaa ndani ya mbao iliyolowa pasipo hewa zinaliwa kwa siri. Chini ya mstari wa maji tumia shaba au bronzi, kama hupati agiza pwani.

Ikibidi kubadilisha ubao, usikimbilie chochote kilichopo karakana. Mbao ya awali pengine ni mahogani, na kama ni ile ya Afrika Magharibi basi ni ndugu wa mkangazi wetu, ukoo mmoja wa Khaya, kwa hiyo mkangazi ni chaguo la kwanza. Mninga unafaa sana, mtulivu, hauchezi sana na unyevu. Mtiki wa mashamba ya Longuza au Mtibwa nao safi. Mvule mzuri ila uchague, wakati mwingine una mawe ndani yanayokula meno ya msumeno, na vumbi lake linawasha kifua. Saipresi na pain za West Kilimanjaro zitumie kwa vipimo na fremu za muda tu. Hakikisha mbao ina vibali na risiti, chagua yenye mistari iliyonyooka, na uiache ikae kwenye hewa ile ile ya boti kabla ya kuipiga. Taruma jipya likipindwa kwa mvuke, kanuni ni saa moja kwa kila milimita 25 za unene, na hapo unataka mbao yenye unyevu bado, iliyokaushwa kwenye tanuri inavunjika. Mara nyingi huhitaji kulitoa lililopasuka, unalaza jipya pembeni yake.

Kalafati ndo iwe ya mwisho, na ifanyike mbao zikiwa zimesharudi karibu, mwanya wa ndani umefunga au umebaki kama uzi. Ukikalafati zikiwa kavu hivi utashindilia pamba nyingi mno, na zikivimba umerudi kule kule kwenye epoksi, mataruma yanavunjika. Hili kosa hata mafundi wa zamani wanalifanya kwa kiburi cha nyundo nzito. Paka rangi nyembamba ndani ya V kwanza, viringisha pamba, iingize ikae chini ya nusu ya kina, paka rangi tena, juu weka puti laini ya boti, sio ya magari ile inayokauka kama jiwe. Puti iache chini kidogo ya uso wa ubao, maji yataisukuma yenyewe. Kuna maungio yatakuwa yameharibika kingo kwa kalafati za miaka mingi, hayashiki pamba tena. Hapo kuna njia ya kuingiza kipande chembamba cha mbao laini kwa gundi upande mmoja tu. Kwa maungio machache sawa, kwa boti nzima ni uamuzi mwingine.

Vanishi nje nzima nisingeifanya, na hapa ni mawazo yangu, mzee anaweza kukataa. Jua la kwetu linakula vanishi kwa miezi, na mbao nyeusi au nyekundu inayong'aa inapata joto kali juu ya mstari wa maji, inakauka, inaachana tena kila kiangazi. Yoti nyingi za zamani zilipakwa nyeupe kwa sababu hiyo hiyo, sio urembo tu. Mpe mzee vanishi kwenye mlingoti, kingo za deki, mlango wa chumba, usukani na mkono wake, anapata uzuri wote kwa kazi ya robo. Mlingoti wenyewe ukague maungio ya gundi, mingi ya wakati huo ni ya vipande viwili vilivyogundishwa na ndani kuna uwazi.

Swali moja muulize mzee kabla hamjaendelea, na usikubali ajibu juu juu. Boti itaishi wapi? Ikirudi Tanga ikakaa majini, njia ya pamba ndo sahihi na inaweza kumzika yeye ikaendelea. Kuna yoti ya Marekani inaitwa Dorade, ilishushwa majini mwaka 1930, mwaka 1931 ikashinda mashindano ya Fastnet, na mwaka 2013 ikashinda tena ya kutoka California mpaka Hawaii. Ni ya mbao na mataruma, imebadilishwa sehemu nyingi, ila imetunzwa kwa mfumo wake. Lakini kama mzee ana ndoto ya kuikalisha kwenye trela Moshi na kuishusha Pangani mara mbili kwa mwaka, au kuzungusha wageni kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu wikendi, mwambie kweli kwamba hii sio boti yake. Itakuwa inavimba na kusinyaa daima, kila safari inavuja. Hapo ndo epoksi ina nafasi, maana inataka mbao kavu, chini ya 15 hivi, na kwenu mbao kavu mnayo. Ila ni kazi ya kuifanya boti nzima iwe kitu kimoja, kutoa rangi yote, kuingiza vipande vya mbao kwenye kila maungio, kuvalisha tabaka nyembamba za mbao kwa mshazari, na baada ya hapo isilale majini bila kufunikwa pande zote. Gharama yake inaweza kupita bei ya boti. Ndoo mbili hazifiki hata robo.

Kushusha: safirini nayo kwa lori usiku kama mnaweza, zaidi ya kilomita 300 za upepo na jua zinaweza kurudisha sehemu ya ukavu ulioondoa. Mkifika msiiachie kwenye maji marefu. Wakati wa bamvua, maji yakijaa na kupwa kwa nguvu zaidi, Tanga maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, tumieni hiyo, ilazeni ufukweni kwenye mchanga laini, imefungwa, ijae yenyewe na kutoka yenyewe, pampu iwepo. Itavuja mno siku ya kwanza, mzee asizimie. Siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, inafunga. Ikibaki na sehemu moja inayotiririka baada ya hapo, hiyo ndo ya kushughulikia.

Kuna vitu usivifanye mwenyewe kwa maelezo ya kuandikiwa. Bolti zinazoshika risasi ya mkuku, ukiona kutu au kimiminika cheusi kinatoka pale, itisha fundi wa vyombo aje aone, bolti hiyo ikikatika baharini boti inalala. Mataruma yaliyovunjika zaidi ya matatu mfululizo, vile vile. Ubao wa kwanza juu ya mkuku ukiwa laini, usiubandue kabla mtu mwenye uzoefu hajaja kuona umbo litashikiliwa na nini. Na kalafati yenyewe, hata kama wewe ni seremala mzuri, mlete mzee mmoja wa Tanga au Pangani akae nawe siku chache, mpe nauli, chakula na heshima yake, gonga naye upande mmoja, upande wa pili gonga mwenyewe akusikilize, maana wao wanasikia kwa mlio wa nyundo kama pamba imekaa. Kama mzee ana mpango wa kubeba abiria, ukaguzi na usajili uanzie TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla hamjamaliza rangi, wasije wakataka kuona kitu mlichokwisha kufunika.

Ukishafunga turubai na magunia, pima mwanya ule ule, ubao ule ule, kila Jumamosi asubuhi kwa kipimo cha milimita na uandike. Ukiniletea hizo namba za wiki tatu pamoja na picha za ndani za mataruma pale tumboni na pale mbao zinapokutana na mkuku, nitakwambia kama umeshafika pa kuanza kalafati au bado.